Nuni Iliyoliwa na Samli

Barua ya Abdulrahim ilifika Arusha ikiwa imelowa samli. Mpagazi aliyeileta kutoka Moshi alikuwa ameichomeka kwenye kamba ya kibuyu chake, na kibuyu kilivuja njia nzima, tangu Nduruma mpaka kizingitini kwa Zamda.

"Haikupotea," alisema mpagazi alipoona jinsi anavyotazamwa. "Wenzangu huzipoteza kabisa."

Zamda aliishika kwa vidole viwili, akaenda nayo barazani kwa Mwalimu wa madrasa. Mwalimu ndiye aliyewasomea watu wa mtaa ule barua zao, naye alizisoma kwa sauti kubwa ili hata wale ambao haziwahusu wasipate taabu ya kuuliza. Bi Nusura, mama mkwe wa Zamda, aliwahi kufika na kigoda chake. Nalepo, mwanamke wa Kiarusha aliyewaletea maziwa kila asubuhi, naye alitua kibuyu chake, akasema hana haraka.

"Soma polepole, Mwalimu," alisema Bi Nusura. "Mwanangu huyu hajala vizuri tangu fisi."

Habari ya fisi mtaa mzima waliijua. Alikuwa ametoboa ukuta wa banda na kumla mbuzi wa mwisho wa Zamda. Asubuhi yake Jumbe wa mtaa akaja, si kutoa pole, bali kuipima nyumba kwa hatua. Toka mlangoni mpaka pembeni alihesabu kumi na moja, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akitarajia kumi na mbili.

"Nyumba ya wanawake watupu," alisema mbele ya Mwalimu na majirani. "Leo fisi, kesho mwizi, keshokutwa maneno ya watu. Mwezi ukiandama nikute humu pana mlinzi. Nikimkuta, sina neno tena na nyumba hii. Nisipomkuta, Zamda utaenda kwa kaka yako Moshi, na nyumba atakaa mpwa wangu. Anaoa."

Nyumba ile aliijenga Omari, mume wa Zamda, fundi wa mawe, kwa mikono yake. Mwenyewe sasa alikuwa amelala ng'ambo ya mto Themi, mwaka mmoja na miezi minne, na kila Ijumaa Zamda na Bi Nusura walivuka kwenda kung'oa majani juu ya kaburi lake. Bi Nusura alikwisha sema kwamba yeye hatoki. "Nimezaa mtoto mmoja, naye yuko hapa. Moshi nitamfuata nani?" Kwa hiyo kuhama kwa Zamda kulikuwa na maana ya kumwacha kikongwe peke yake na kaburi moja na mpwa wa Jumbe. Ndiyo maana alimpelekea kaka yake salamu za haraka, na jibu lake ndilo hili alilompa Mwalimu.

"Bismillahi," alianza Mwalimu. Aliisogeza barua mbali na macho, akaileta karibu, kisha akaiinua kwenye jua. "'Kwa dada yangu mpenzi Zamda. Mimi mzima, hofu kwenu. Habari ya fisi nimeipata, na ya Jumbe nimeipata, na katika hao wawili...'" Akakohoa. "Hapa nitaruka."

"Usiruke," alisema Bi Nusura. "Hapo ndipo penyewe."

"'Usihame. Nakuletea...' Hapa pana samli." Alikwaruza karatasi kwa ukucha, akizitafuta herufi za Kiarabu chini ya doa. "Naona be. Naona wau. Naona alifu. Halafu doa." Akafikiri. "Hii ni bwana. Nuni yake ya mwisho imeliwa na samli. 'Nakuletea bwana wa kulinda nyumba.' Maneno yamenyooka."

"Bwana?" Zamda aliuliza. "Bwana gani?"

"Bwana wa kulinda nyumba. Tulia usomewe. 'Anaitwa Ombasha.'"

Nalepo akaacha kupangusa kibuyu chake. Hata yeye alilijua neno hilo. Ombasha alikuwa askari mwenye cheo, mwenye tepe mkononi, mtu ambaye akipita sokoni wauza ndizi husimama.

"'Alikuwa kwa Bwana Injinia wa reli, ambaye anarudi kwao Ulaya. Kidachi anakijua sana. Kiswahili kidogo, lakini si mkaidi.'"

"Mnubi huyo," alisema Bi Nusura, kama mtu aliyewazaa askari wote waliotoka Sudani.

"'Umri wake miaka mitatu.'" Mwalimu akakwaruza tena karatasi kwa ukucha. "Thelathini na mitatu," alisema hatimaye. "Ile thelathini imeliwa na samli."

"Samli hii ina njaa," alisema Nalepo.

"'Chakula hachagui, ila usimpe pilipili. Ana kifua kipana na meno mazuri.'"

Zamda alijifunika uso kwa ncha ya kanga. "Kaka yangu ameanza lini kutazama watu meno?"

"Kaka yako anakupenda," alisema Bi Nusura. "Mimi nilipoolewa hakuna aliyenitazamia meno. Niliyakuta mawili."

"'Akifika mfunge siku tatu, asije akatoroka kurudi Moshi.'"

"Kwetu anafungwa ndama," alisema Nalepo.

"Mfunge ndoa!" Mwalimu alimkata jicho. "Ni neno la sheria hilo, mama. Ndoa ifungwe ndani ya siku tatu. Abdulrahim amesoma kwangu, naelewa anavyoandika. 'Ukimwambia plats, analala papo hapo.'"

"Plats ni nini?"

"Kidachi," alisema Mwalimu, ambaye hakujua neno moja la lugha ya Wajerumani. Akaitazama karatasi kwa muda. "Itakuwa kitu cha kulalia. Mtu aliyezoea nyumba za Wazungu hawezi kulazwa kwenye mkeka. Ukimwambia plats ipo, analala. Ukimwambia haipo, usingizi hauji."

"Wangu nikimwambia alale ndiyo anaamka," alisema Nalepo.

"'Ataletwa na Koikai siku ya soko, akipeleka ng'ombe. Ni mimi kaka yako.' Basi. Imekwisha." Mwalimu akaikunja barua, akajifuta samli kwenye ndevu. "Hongera, Zamda."

Zamda aliipokea barua. Hakuwa ameomba mume. Aliomba shauri. Lakini siku ya soko ilikuwa keshokutwa, na mwezi ungeandama kesho yake.

*

Kabla ya alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari, na kufika jioni ulikuwa na habari zaidi ya zile zilizoandikwa. Kisimani walisema Ombasha ana medali mbili. Msikitini walisema amempiga mtama simba. Mwenye nyumba ya tatu alikumbuka kwamba aliwahi kumwona huko Tanga, mtu mrefu, hacheki.

Jumbe naye alisikia. Kesho yake asubuhi alimpita Zamda akikaanga vitumbua sokoni, na badala ya kuchukua viwili na kuondoka kama desturi yake, alisimama akasema, "Hujambo, mwanangu?" Zamda karibu adondoshe upawa kwenye mafuta. Mchana mke mkubwa wa Jumbe akaleta sinia la shaba, kubwa, lenye maua ukingoni, ambalo lilitoka nyumbani kwao siku za Idi tu. "Jumbe anasema litumike kwa mgeni," alisema, akamtazama Zamda toka juu hadi chini. "Anasema pia kwamba yale ya hatua kumi na moja yalikuwa mzaha."

"Tulicheka sana," alisema Bi Nusura, akalipokea sinia.

Nyumba ikageuzwa. Nalepo alileta samadi mbichi vikapu vitatu, akakunja nguo zake mpaka magotini, wakazikandika kuta yeye na Zamda, ndani na nje. Tundu la fisi lilizibwa kwa mawe na udongo. Kitanda cha kamba kilitolewa uani, Bi Nusura akasimamia kukazwa kwake. "Kaza tena. Mtu mwenye kifua kipana si mwepesi." Mchele ukachambuliwa kwa ajili ya pilau, na pilipili zote za nyumba ile, hata zile zilizoning'inia juu ya meko, zikapelekwa kwa jirani kama wahalifu.

Ikabaki plats. Zamda alikwenda kwenye duka la Muhindi mzee karibu na boma, mtu ambaye hajawahi kukiri kwamba kitu hana.

"Una plats?"

"Ya wapi?"

"Ya Ulaya. Ya kulalia."

"Ya Ulaya ipo," alisema mzee, akaingia ndani, akakaa huko kitambo. Alirudi na blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu. Zamda angeweza kuapa kwamba blanketi hilo alikwisha liona mabegani mwa mpishi wa boma.

"Hii ndiyo plats?"

"Plats kabisa. Gusa."

Zamda akagusa. "Inawasha."

"Plats zote zinawasha. Wadachi wanapenda hivyo."

Kuku wawili aliokuja nao wakabaki dukani kuwa malipo, na Zamda akarudi nyumbani na plats kichwani, watu wakimpisha njia.

*

Juu ya kitanda, ukutani, palikuwa na msumari mmoja. Hapo ndipo ilipotundikwa kanzu ya Omari, na juu yake kofia yake. Tangu msiba hakuna aliyeigusa. Zamda alipokandika ukuta ule alikandika kuizunguka, kwa vidole, kama mtu anayemnawisha mtoto aliyelala.

Jioni ile, kila kitu kikiwa tayari, wanawake wawili walisimama wakitazama msumari.

"Mgeni atatundika wapi koti lake?" aliuliza Bi Nusura.

"Nitapiga msumari mwingine."

"Mwanamume haingii nyumba yenye kanzu ya mwenzake ukutani. Hata ungekuwa wewe usingeingia."

Zamda alinyanyua mkono, akaurudisha. Akanyanyua tena. Ukingo wa mkono wa kanzu ulikuwa bado na chokaa, kwa kuwa Omari alikuwa na tabia ya kutoka kazini na kwenda moja kwa moja kuswali, na Zamda alikuwa na tabia ya kumgombeza. Sasa ile chokaa ndiyo aliyoitazama.

"Niachie mimi," alisema Bi Nusura. "Nguo yake ya kwanza nilimvisha mimi." Akapanda juu ya kigoda chake, akaitungua. Aliikunja mara nne juu ya goti, akaweka kofia juu yake, akavitia sandukuni. Alipofunga kifuniko alibaki amekikalia kwa muda.

"Mama, wewe unamtaka huyu mtu?"

"Mimi?" Bi Nusura alipenga kamasi. "Mimi namtaka mwanangu. Lakini nataka na wewe usiondoke. Basi nimekuwa mtu wa kutaka vitu viwili, na hapa naona kimoja." Akasimama, akapapasa sanduku kana kwamba halijafungika sawasawa. "Ila huyo Ombasha akikoroma, nahamia kwa Mwalimu."

*

Siku ya soko mlima Meru ulijifunua mapema, nao watu walijifunua pamoja nao. Hakuna aliyekuwa na kazi. Walikaa kwenye baraza zao wakiangalia njia ya Moshi, wamevaa nguo za Ijumaa siku isiyo Ijumaa. Mwalimu alikuja na joho na kitabu chake cha ndoa. Zamda alivaa kanga mpya, akakaa kwenye mkeka pembeni ya sinia la pilau lililofunikwa kawa.

Koikai alitokea saa nne. Alikuwa mtu mrefu mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, shemeji yake Nalepo, na mbele yake walitembea ng'ombe sita. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Watu wakanyoosha shingo. Njia ilikuwa nyeupe, tupu.

"Karibu, Koikai," alisema Mwalimu, akijiweka sawa joho. "Habari ya safari? Bwana Ombasha amebaki nyuma?"

"Nyuma kwa nini? Yuko hapa."

"Wapi?"

"Hapa," alisema Koikai, akavuta kamba.

Kutoka katikati ya miguu ya ng'ombe akatokea mbwa. Alikuwa mbwa mkubwa kuliko mbwa wote waliopata kupita mtaani pale, mweusi mgongoni, kahawia tumboni, masikio yamesimama. Akawatazama watu mmoja mmoja kama anayewahesabu.

"Ombasha!" aliita Koikai. Mbwa akatikisa mkia.

Mwalimu alikusanya joho lake kwa mikono miwili akarudi nyuma hatua tatu. Mbwa akapiga miayo.

"Meno ni mazuri kweli," alisema Bi Nusura.

Nalepo ndiye aliyeanza. Kilimtoka kicheko kimoja, akakishika kwa kiganja, kikapita kwenye vidole, na hapo mtaa wote ukaangua. Zamda hakucheka. Ndani yake vitu viwili vilikuwa vimepigana kikumbo mlangoni. Hakuna mume, na alihisi mgongo wake ukilegea kwa mara ya kwanza tangu juzi. Lakini kesho mwezi unaandama, na mume hakuna.

"Lete barua," alisema kwa Mwalimu. "Nisomee tena."

"Barua ilisema bwana," alisema Mwalimu. "Be, wau, alifu. Mbwa na bwana, kwa herufi zetu, mwanzo ni mmoja, ile m ya mbwa hatuiandiki. Tofauti ni nuni ya mwisho tu. Na nuni ililiwa na—"

"Na hapa?" Zamda hakujua kusoma, lakini macho alikuwa nayo. Aliweka kidole mstari wa chini yake. "Hapa palipoandikwa Bwana Injinia, nuni ipo?"

Mwalimu akaisogeza barua mbali, akaileta karibu. "Ipo," alisema kwa sauti ndogo. "Na nukta yake."

"Na samli ipo?"

"Samli ipo."

"Samli ikaiacha nuni ya Injinia, ikala ya kwangu peke yake?"

Mwalimu akafunga kitabu cha ndoa. "Haikuliwa," alisema. "Haikuwapo."

Wakati wote huo wameinamia barua, hakuna aliyemtazama mgeni. Waliposikia sauti ya shaba ikikwaruzwa wakageuka. Kawa lilikuwa huko, pilau lilikuwa halipo, na Ombasha alikuwa akilamba maua ya ukingoni mwa sinia la Jumbe, moja baada ya jingine.

"Chakula hachagui," alisema Koikai.

*

Jumbe alikuja wakati huohuo. Alikuwa amevaa koti la kijeshi lililonunuliwa mnadani na kofia nyekundu, na tangu mbali alikuwa ameinua mkono. "Gutentaki!" alipaza sauti, maana salamu hiyo ndiyo Kidachi pekee alichokuwa nacho. "Gutentaki, Ombasha!"

Mbwa, aliposikia jina lake, aliacha sinia akatazama.

Ilichukua muda Jumbe kuelewa, na watu watatu kumweleza. Alipoelewa alicheka mpaka akashika magoti. "Zamda! Umekandika nyumba kwa ajili ya mbwa! Umekaza kitanda!" Akawageukia watu. "Amempikia pilau!" Na watu, ambao dakika chache nyuma walicheka kwa sababu ya mbwa, sasa walimcheka Zamda. Zamda alikaza macho kwenye kanga yake mpya. Hata wale wa kisimani walicheka.

"Haya," alisema Jumbe, akifuta machozi. "Mlinzi hakuna, na mwezi ni kesho. Mpwa wangu amesema kuta zikikandikwa ndiyo atahamia, na naona umeshamkandikia." Akasogea mlangoni, akaanza kupima tena, kisigino kwa vidole. "Moja. Mbili."

Tatu hakuifikia. Ombasha aliinuka bila haraka, kamba ikamchomoka Koikai mkononi, na kufumba na kufumbua Jumbe alikuwa amejibana ukutani, kofia chini, mikono juu, na mbele ya tumbo lake mbwa akibweka kwa sauti iliyotoka chini ya ardhi.

"Mwiteni! Mwiteni!"

"Acha!" alipiga kelele Zamda. "Kaa! Rudi! Toka!" Mbwa hakugeuza hata sikio. Kiswahili alijua kidogo, na hicho kidogo hakikuwamo.

"Gutentaki!" alilia Jumbe. "Gutentaki! Gutentaki!" Mbwa akabweka zaidi.

Bi Nusura alikuwa ameingia ndani. Akatoka na blanketi la kijivu, ameliburuta kwa ncha moja. "Zamda! Mfunike! Shika plats!"

Mbwa akaanguka chini. Alianguka kama mzigo uliokatwa kamba, kifua ardhini, kidevu juu ya miguu ya mbele, kimya.

"Nimesema nini?" aliuliza Bi Nusura.

"Umesema plats," alijibu Koikai. "Ndilo neno lake la kumlaza."

Zamda alitazama blanketi, akamtazama mbwa, akawakumbuka kuku wake wawili. Jumbe alitelezesha pole mguu mmoja pembeni. Kichwa cha mbwa kikanyanyuka.

"Plats," alisema Zamda. Hakupaza sauti. Kichwa kikashuka.

Ndipo aliposogea mbele, akasimama pale kati ya mbwa na Jumbe. Hakuwahi kusimama karibu na Jumbe namna ile. Aliona kwamba koti lake lilikuwa na vifungo vya aina tatu.

"Jumbe. Ulisema ukikuta mlinzi humu, huna neno tena na nyumba hii."

"Nilisema mlinzi! Sikusema mbwa!"

"Hukusema mtu pia."

Jumbe akatafuta macho ya watu. Macho yalikuwa yamehama. Mwalimu, aliyekuwa amejificha nyuma ya ng'ombe, akajitokeza. Uso wake ulikuwa wa mtu anayedaiwa kosa na anayetaka kulilipa upesi. "Ulisema mlinzi," alitamka. "Mimi nilikuwapo, na neno hilo nililisikia kwa masikio, sikulisoma. Na mbwa wa kulinda, dini imemruhusu. Akae nje, chombo chake kiwe mbali."

"Basi mwambieni aniache nipite."

"Nyumba ni ya nani, Jumbe?" aliuliza Zamda.

"Yako."

"Wasikie na wa kisimani."

"Nyumba ya Zamda!" alipiga kelele Jumbe. "Ya Zamda na mama mkwe wake! Mpwa wangu atajenga!"

Zamda akamshika mbwa kamba. Jumbe akajibandua ukutani, na ukuta ulitoa sauti ya kumwachia mtu, kwa sababu samadi haikuwa imekauka. Aliondoka haraka bila kukimbia, mgongo wa koti wote kijani.

"Sinia lako, Jumbe!" Bi Nusura alimwita. "Tutaliosha mara saba, moja kwa udongo! Si ndivyo, Mwalimu?"

"Silitaki!" Jumbe alijibu bila kugeuka.

*

Mchana uliobaki walitengeneza nyumba upya, safari hii kwa mgeni aliyekuja kweli. Nalepo, aliyekulia pamoja na mbwa huko Oldonyo Sambu, alitoa amri. Banda la mbuzi likatandikwa majani makavu, na plats juu yake. Kamba ifike mlangoni lakini isivuke. Sinia la shaba liwe lake, liwekwe mbali na mtungi wa kutawadhia. Asipigwe, na asipewe jina jingine.

"Siku tatu," alisema Nalepo, akikaza fundo. "Akila mkononi kwako siku tatu, Moshi hakumbuki tena."

Ukutani, kando ya mlango, alama ya Jumbe ilibaki: mabega mawili, mgongo, na viganja vimefunguka. Zamda alichukua udongo kwenda kuiziba.

"Iache," alisema Bi Nusura. "Ikauke hivyohivyo."

Jua lilipokuwa linaingia nyuma ya nyumba, Zamda alifungua sanduku. Aliitoa kanzu, akaikung'uta taratibu ili chokaa isitoke, akaitundika kwenye msumari wake. Akaweka kofia juu. Ilikaa upande kidogo, kama mwenyewe alivyopenda kuivaa, naye hakuinyoosha.

Bi Nusura aliingia kuchukua birika la udhu. Aliuona ukuta. Alisimama na birika mkononi, muda wa kutosha mtu kusoma Fatiha, halafu akatoka. Sauti yake ilitokea uani.

"Zamda!"

"Naam, mama."

"Bwana umemfunga?"

"Nimemfunga, mama."

"Haya. Asije akarudi Moshi."